Mkutano wa Marungu Haujafungwa

Katika Marungu nzima hakuna mtu anayesumbuliwa kuomba kama Wakio. Harusi ikianza, "Mama Peris, tufungulie." Harambee ikiisha, "Mama Peris, tufungie." Ng'ombe wakipangwa foleni ya sindano, kisima kikizinduliwa, chifu akirudi salama baada ya kulazwa Voi, ni yeye anayesimama, anavuta leso begani, anafumba macho na kuanza kwa sauti ya chini, kana kwamba Mungu yuko hapo nyuma ya ua anachuma kunde. Kisha sauti inapanda taratibu, na anapofika kwenye "kwa jina la Yesu" watu wameshajiandaa kuitikia. Hiyo Amina ya Marungu ukiisikia mara moja utaijua. Inatoka tumboni.

Sasa usije ukadhani kwamba kwa sababu hiyo ni mama mpole. Wapi! Alizaliwa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, akaolewa huku na Sylus, mkata mkonge, mtu wa maneno machache aliyekufa akiwa bado na nguvu zake. Matanga hayajaanuliwa, shemeji zake wakamjia na ushauri: arudi kwao apumzike, shamba watamtunzia wao. Wakio akawapikia chai, akawasikiliza hadi mwisho, halafu akawaambia, "Nilikuja hapa kwa miguu yangu. Miguu yenyewe sasa imechoka, haiwezi safari ya kurudi. Chai ikiisha, njia mnaijua." Walimaliza chai wakaondoka. Shamba analilima mpaka leo, pojo na kunde, na mbuzi wake wanaitambua sauti yake tangu mbali. Peris, mtoto wake wa kwanza, yuko Mombasa, na kila akipiga simu humsihi mamake apunguze ukali kwa ajili ya presha. Wakio humjibu kwamba presha inaletwa na kunyamaza.

Kuhusu maombi alikuwa na kanuni moja tu: akiombwa kuomba, anaomba. Hachagui. Aliwahi kumwombea mwizi wa kuku aliyekamatwa na kufungwa kamba mikononi, akamwombea vizuri kabisa, na baada ya Amina akamwambia, "Haya, kuku yuko wapi?"

Kwa hivyo ile kampuni ilipokuja, hakuona ajabu yoyote kuombwa aombe.

Kampuni yenyewe inaitwa Mwako Safi, na kazi yake ni utafiti wa nishati. Ilifika mwaka jana baada ya mvua za vuli, na magari mawili meupe na hema la kukodi. Msemaji wake alikuwa Festus, kijana wa kwetu kabisa, wa huko juu Wundanyi, aliyesoma akarudi na viatu vyenye ncha. Alisalimia kwa Kidawida, lugha yetu, akataja majina ya wazee bila kukosea, akasema dunia imechoka na moshi. Malori yanayopita barabara kuu kwenda Mombasa, alisema, yanaweza kuendeshwa kwa mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu za mbarika, mmea ule ule ambao nyanya zetu walikuwa wakikamua mafuta ya kupaka ngozi. Kampuni inataka kupanda shamba la majaribio. Litapandwa wapi? Festus alinyoosha mkono kuelekea huko na huko, akasema, "Kwenye ardhi isiyotumika."

Hapo ndipo watu wa Marungu walipofanya kosa ambalo hakuna mwingine angelifanya. Walitazamana, wakatafuta kichwani ni wapi katika Marungu kuna ardhi isiyotumika, wakakosa. Kila kipande kina mbuzi, au kina nyuki, au kina mtu anayekata kuni. Wakaona basi ni kwa watu wengine huko mbali, labda upande wa hifadhi, wakatulia. Mtu haulizi bei ya ng'ombe asiye wake.

Huo ndio mkutano ambao serikali inauita ushirikishwaji wa umma, na Marungu wanauita soda na mkate. Mwishoni Festus akasema, "Mama Peris, tufungie na maombi." Wakio akasimama, akavuta leso. Alimshukuru Mungu kwa wageni, akawaombea safari njema, akaombea magurudumu ya magari yao na kazi ya mikono yao, akamaliza kwa kusema mradi huu uwe baraka kwetu na kwa watoto wetu. Angesema nini kingine? Huwezi kula mkate wa mtu halafu ukamwombea pancha. Watu wakaitikia Amina, soda zikafunguliwa, kila mtu akaenda kwake.

Mwezi wa pili lori likamwaga nguzo na misokoto ya sengenge pale silanga.

Silanga ni bwawa la kukinga maji ya mvua, na hiyo ya Marungu haikuchimbwa na serikali wala na mfadhili. Ilichimbwa na kina mama wakati wa kiangazi kimoja kibaya, kwa majembe na makarai, Wakio akiwa mmoja wao, Peris akiwa bado mgongoni. Nchi yote iliyoizunguka ni malisho ya watu wote. Haina hati ya mtu. Mbuzi hunywa hapo, ndama hunywa hapo, na kiangazi kikikaza hata watu hunywa hapo, baada ya kuyachemsha. Wakio alipoziona zile nguzo alizishika moja moja, kana kwamba anatafuta yenye jibu. Kontrakta wa kampuni, aliyekuwa akizihesabu, akamwambia kwa upole kwamba wanangoja tu kibali cha mazingira, kisha watazungushia waya kote, na silanga ndani yake, maana mbarika mchanga nao unataka kumwagiliwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta rafiki yake Kavetsa amekaa kwenye ngazi, simu mkononi, amekunja uso. Kavetsa ni mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia Voi kutoka magharibi. Alizaliwa kwenye nyumba za reli, akaolewa Marungu, na Kidawida chake kinawashinda Wadawida wengi. Hao wawili wametaniana miaka mingi kiasi kwamba mtu mgeni angedhani ni maadui. Siku hiyo hakukuwa na utani.

"Angalia ulivyotuuza," Kavetsa akasema.

Ilikuwa video ya kampuni, inazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp. Wakio alijiona mwenyewe, leso begani, macho amefumba, muziki laini wa kinanda nyuma yake, akisema mradi huu uwe baraka kwetu na kwa watoto wetu. Kisha ile Amina ya tumboni. Kisha maandishi: Jamii ya Marungu yaupokea mradi kwa sauti moja.

"Niliombwa nifunge mkutano," Wakio akasema.

"Ndiyo. Ukafunga na malisho."

"Kavetsa!"

"Nisemeje? Watu wote wanasema hivyo, mimi ndiye nimekuambia usoni. Na maji yakimwagika hayazoleki."

Wakio alikasirika. Hakumkasirikia Kavetsa, alijikasirikia kidogo, na alimkasirikia Festus sana. Maombi yake hakuwahi kuyaona kama kitu anachoweza kuibiwa. Asubuhi alifunga mbuzi zizini, akavaa viatu vya kanisani, akaenda Voi.

Ofisi ya Mwako Safi iko ghorofa ya kwanza karibu na stendi. Festus alimkaribisha kwa mikono miwili, akaagiza chai. Wakio akaisogeza chai kando.

"Mwanangu, nani amekuambia sisi tumekubali?"

"Mama Peris, si wewe mwenyewe ulitubariki? Tena vizuri sana. Nairobi waliipenda hiyo video, mpaka wakubwa walitoa machozi."

"Niliombea safari yenu pia. Mbona hamjasafiri?"

Festus akacheka kama mtu anayecheka na shangazi. Akasema mambo hayo yamekwisha kuandikwa, ripoti ya tathmini ya mazingira imepelekwa, jamii imeshirikishwa. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na msichana mwenye koti jeupe, akipanga chupa za mafuta ya rangi ya asali. Huyo aliitwa Cynthia, ndiye mtafiti wao. Aliinua kichwa akasema, bila kuulizwa na mtu, "Bado kuna kikao kimoja, Mama. Afisa wa mazingira atakuja Marungu kuwasikiliza watu kabla ya kutoa uamuzi. Kibali hakijatoka."

Festus alimtazama Cynthia vibaya. Wakio akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, maana sasa ilikuwa na faida, akashuka ngazi.

Siku ya kikao hema lilisimamishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, unaotazamana na silanga. Watu walikuja wengi kuliko siku ya soda. Afisa wa mazingira alikuwa mama wa makamo aitwaye Kalondu, mwenye miwani na sauti isiyopanda wala kushuka. Festus alikuja na mpiga picha. Chifu Thadeus, ambaye hupenda mambo yaende kwa utaratibu hata pale utaratibu wenyewe haujui uendako, alisimama akasema, "Tunaanza na Mungu. Mama Peris, tufungulie."

Wengi walimgeukia wakiwa wamenuna. Wakio akasimama. "Baba, umetukusanya. Tupe masikio ya kusikia na midomo ya kusema kweli. Aliye na hila, mfunue mapema tusichelewe. Kwa jina la Yesu."

"Amina!"

Yalikuwa maombi mafupi mno. Watu walifungua macho wakitazamana.

Cynthia ndiye aliyeanza. Alileta pampu ndogo ya maji, akaijaza mafuta ya mbarika, akaivuta kamba. Ikanguruma, na kweli moshi wake ulikuwa mwepesi, hauna ile harufu ya kukaba koo. Alieleza kwa maneno ya kawaida kile wanachojua na kile wasichokijua bado, na kwamba majaribio ndiyo haya ya kutafuta wasichokijua. Wakio alimpenda. Aliinua mkono akasema hivyo hivyo: "Binti, kazi yako ni nzuri. Mimi sipingi mafuta yako. Moshi wa malori umeshatukausha vifua. Niambie tu, mtapanda wapi?"

Cynthia akaonyesha kwenye ramani kubwa. Ni pale silanga, na kuizunguka.

"Lakini tuliambiwa ni ardhi isiyotumika!"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti," Cynthia akasema, na uso ukamwiva.

Mzee Ndulu, ambaye mbuzi wake ndio wengi kuliko wote, akajikohoza. "Hao mbuzi wangu hawajasoma hiyo ripoti. Ndiyo maana wanaendelea kuitumia."

Watu wakacheka, hata Bi. Kalondu akashusha miwani. Ila aliyesimama baada ya hapo hakucheka. Alikuwa Dishon, mtoto wa Kavetsa, mwendesha bodaboda wa mkopo, kijana anayejulikana kwa kusema lililo moyoni.

"Nyinyi wazee mnacheka kwa sababu mna mbuzi," akasema. "Sisi mayut tuna nini? Hii kampuni imesema itaandika watu kazi hapa hapa. Mimi sina ubaya na mtu, Mama Peris, wewe ni mama yangu pia. Lakini mkono mtupu haulambwi. Mkiwafukuza hawa, mtatuandika nyinyi?"

Vijana wa nyuma wakapiga makofi. Kavetsa aliinamisha kichwa, maana mwana ni wake na maneno yalikuwa ya kweli. Wakio naye alijua ni ya kweli, na yalimuuma. Hakutaka kushinda kwa kumshinda Dishon.

"Hujasema uongo," akamjibu. "Nami nataka uandikwe kazi, hata leo. Lakini ukirudi kutoka kazini, Dishon, utaoga nini? Jasho? Hapo ng'ambo ya barabara kuna mkonge ulioachwa miaka, hauna mbuzi, hauna binadamu, hata nyoka wamehama. Kwa nini wasipande huko?"

"Udongo wa huko haujapimwa," Festus akaruka juu. "Na wafadhili wanataka tuanze kabla ya mvua. Mambo ya utafiti yana ratiba, Mama."

"Na mambo ya kiu hayana?"

Festus akaangalia saa, akaangalia jua, akasema ndovu huvuka ile barabara jioni na wageni wanatoka mbali. Alishukuru kila mtu kwa maoni mazuri, maoni yote yamechukuliwa. Kisha akatabasamu, akamkonyeza mpiga picha, akasema, "Kwa sababu ya muda, Mama Peris, tufungie na maombi."

Kamera ikamgeukia. Vichwa vikainama, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa Marungu akisikia neno hilo, kichwa chenyewe huinama kabla ya akili. Wakio akasimama. Hakuvuta leso na hakufumba macho.

"Sifungi," akasema.

Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Mama Peris," Chifu Thadeus akanong'ona kwa nguvu, "usituaibishe mbele ya wageni."

"Chifu, heshima si utumwa. Siku ile nilifunga kwa heshima, nikaambiwa nimekubali. Basi niulize. Nikimwombea mgonjwa, nimekubaliana na malaria? Nilimwombea mwizi wa kuku hapa, wote mlikuwepo. Nilikubali wizi?" Akamgeukia Bi. Kalondu. "Tumekaa hapa tangu asubuhi. Tumeonyeshwa mashine, tumeonyeshwa ramani, tumechukuliwa maoni. Hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza: mnataka, au hamtaki? Mkutano ambao swali lake halijaulizwa haufungwi. Na hiyo Amina mnayoipenda kuirekodi ni yetu. Leo haitoki."

Akaketi.

Sasa hapa mtu wa kwingine angesema, basi, si mkutano umekwisha? Watu si waende? Mtu huyo hajui Marungu. Mkutano uliofunguliwa na maombi haufungwi kwa kuondoka tu, hiyo ni kama kutoka chooni bila kufunga mlango. Hakuna aliyeinuka. Festus alilijua hilo kama sisi, ndiyo maana alianza kutafuta mtu mwingine. Pasta alikuwa Mwatate kwenye semina. Mzee wa kanisa alianza kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa usoni pake. Macho ya Festus yakatua kwa Kavetsa, mama wa kijana anayetaka kazi.

"Mama Dishon, tufungie wewe."

Kavetsa alisita. Alimtazama mwanawe, akamtazama Wakio, na Wakio hakumfanyia ishara yoyote. Akasimama. "Tuinamishe vichwa," akasema.

Vikainama. Kukawa kimya. Kimya kikaendelea. Kuku wa mwalimu mkuu alipita katikati ya hema akidonoa makombo, na bado kukawa kimya. Festus akafungua jicho moja.

"Mama, tunakungoja."

"Ninaomba," Kavetsa akasema, macho yamefumba. "Sisi kanisa la Marafiki tunaweza kuomba kimya. Mungu wetu si kiziwi."

"Na umemaliza?"

"Bado. Nina mengi."

Mabega ya watu yalianza kutikisika kwa kicheko cha kujizuia. Festus, uso umemvimba, akaona afadhali afunge mwenyewe. Akapaza sauti. Kusema haki aliomba vizuri, amelelewa kanisani huyo. Aliombea kaunti, akaombea mvua, akaombea Bi. Kalondu na familia yake, kisha akasema, "Na uubariki mradi huu, ambao jamii hii imeupokea kwa moyo mmoja. Kwa jina la Yesu, na watu wote waseme?"

Hakuna aliyesema.

Bibi mmoja mzee, kwa mazoea tu, alianza "Ami—" na jirani yake akamfinya paja. Macho ya wengi yalikwenda kwa Dishon. Alikuwa amesimama nyuma, mdomo wazi, na Amina ilikuwa hapo kwenye ulimi, kila mtu aliiona. Neno moja lake lingetosha kwa kamera. Alitazama zile nguzo ng'ambo ya uwanja, akamtazama mamake aliyekuwa bado amefumba macho akiomba yake ya kimya. Akaufunga mdomo.

"Na watu wote waseme?" Festus akarudia, sauti imepungua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mpiga picha alishusha kamera, akaanza kuifunika lenzi.

Bi. Kalondu alivua miwani akaifuta kwa upindo wa sketi. "Nimesikia," akasema, ingawa hakuna aliyesema kitu. Akasimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Watu wa Marungu. Mnautaka mradi huu pale silanga, au hamuutaki?"

"Hatuutaki!"

Lilitoka tumboni. Cynthia alishtuka mpaka akaangusha chupa.

"Na ukihamia ng'ambo ya barabara?"

Hapo kelele zikachanganyika, wengine hapana, wengine tuzungumze, na sauti ya Dishon juu ya zote ikisema, "Hapo sawa! Hapo tuandikeni!" Bi. Kalondu akaandika. Akasema hawezi kupitisha ripoti inayosema ardhi haitumiki wakati amewaona wanaoitumia wakimtazama usoni. Kampuni ikapime udongo wa upande wa pili, kisha irudi kwa watu. "Sasa hapa niandike nini? Mkutano umeahirishwa?"

"Andika haujafungwa," Wakio akasema.

Na kwa kuwa haukufungwa, uliendelea. Asubuhi yake Wakio na Kavetsa walibeba vigoda na birika hadi silanga wakakaa juu ya rundo la nguzo. Kesho yake walikuwa kina mama wengi zaidi. Mume akiuliza chakula kiko wapi, anajibiwa, "Niko mkutanoni." Mbuzi walikunywa, watoto waliteka maji, na misokoto ya sengenge ikawa mahali pazuri pa kuanikia nguo za watoto. Festus alimpigia chifu simu, chifu akaja mwenyewe kumwonya Wakio kwamba huko Voi wameanza kumwita mchochezi.

"Waambie mchochezi anawakaribisha chai," Wakio akasema, akamsogezea kigoda. Chifu alikaa, akanywa, na baadaye hata yeye alipopigiwa simu alisikika akisema yuko mkutanoni.

Kampuni ilituma sukari. Wakaitia kwenye chai. Ilituma leso zenye nembo ya Mwako Safi. Wakio akatandika yake chini, akaanikia pojo. Usiku mwingine, akiwa peke yake, aliogopa. Alijua kampuni inaweza kuchoka na inaweza pia kutochoka, na kwamba akina Dishon hawatangoja milele. Aliwaza mikono yake iliyochimba bwawa lile na kujua haina nguvu ya kuchimba lingine. Kisha kulikucha, akabeba birika.

Cynthia ndiye aliyekuja mwishowe, mwenyewe, na mifuko ya udongo wa mkonge. Alisema si mzuri kama wa silanga, ila mbarika hauna makuu, na jaribio kwenye udongo mbaya nalo ni jaribio. Vijana kumi na kitu waliandikwa kuchimba mashimo, Dishon akiwa wa kwanza. Uamuzi wa ofisi ya mazingira ulikuwa umesema hivyo hivyo: silanga na malisho yake yaachwe wazi.

Lori la kuchukua nguzo lilikuja na Festus ndani yake. Alikuwa amekonda kidogo na viatu vyake havikuwa na ncha tena. Dishon na wenzake walianza kupakia, na kina mama wakainuka kwenye rundo wakikunja nguo walizoanika. Kazi ilikwenda haraka. Jua lilikuwa kali na dereva alikuwa na njaa, na baada ya muda Festus alipanguza jasho, akamkaribia Wakio kwa adabu ya kweli.

"Haya, Mama Peris. Mmeshinda, sikatai. Sasa tafadhali tufungie huo mkutano, watu waende nyumbani."

Kwa mazoea vichwa vyote vikainama, hata cha dereva. Wakio akatazama lori. Kisha akatazama ukingo wa maji, ambako nguzo nne zilikuwa bado zimelala majanini, na msokoto mmoja wa sengenge.

"Pakia kwanza," akasema.